Kumbe bomba la gesi laweza kuelea!
Jana tumevuka kwa boti kutoka Somanga, pwani ya Kilwa, kwenda kisiwa cha Songosongo. Chini yetu kuna bomba la gesi la inchi 12, liko kazini tangu 2004. Abiria mwenzetu, fundi wa mabomba ya baharini, akaniacha mdomo wazi: bomba pana likijaa gesi huwa jepesi, lisipovikwa zege zito laweza kuibuka! Nahodha akadakia, "Kwani sisi dema, mtego wetu wa samaki, tunalitia mawe ya nini, mwanangu?"

Fundi anahofia zaidi mkondo. Bamvua (maji makubwa ya mwezi mpevu au mwandamo) likikaza, maji huchota mchanga chini ya bomba, kipande kinabaki kinaning'inia na kutetemeka mpaka chuma kinachoka. Ndipo wapiga mbizi huteremsha mifuko ya saruji kulikingia. Na sisi Dar, tunaowashiwa umeme kwa gesi, tunajua kulipia LUKU tu.