Tulivyoutoa upele nyumbani kwetu Newala

Ninaandika haya kwa ajili ya mzazi ambaye watoto wake hawalali, wanajikuna usiku hadi shuka zina damu, na kila jirani ameshamtajia dawa yake. Nyumba yetu, huku Newala juu ya uwanda wa Makonde mkoani Mtwara, imepitia hapo. Tulikuwa wengi ndani: wakwe zangu wote wawili, mume wangu, wifi yangu aliyekuwa mjamzito, watoto wetu, mdogo wao akiwa bado ananyonya, na kijana wetu wa sekondari aliyekuja likizo ya mwezi wa sita kutoka shule ya bweni. Yeye ndiye aliyekuja nao. Upele uliondoka na haujarudi, na nataka nieleze hasa ni nini kilichouondoa, kwa sababu mtaani walikuja kuyasifu sana majani tuliyotumia, na sifa zile si zake zote.

Mwanzoni lawama ziliwaendea kuku. Newala mwezi wa sita na wa saba ni baridi, kuku wetu walikuwa wanalala jikoni, na utitiri wa kuku kila mtu anaujua. Lakini utitiri unakuuma ukikaa karibu na kuku, unakuachia vipele, basi. Hauzaliani mwilini mwa mtu. Huu wetu ulikuwa na tabia nyingine. Mchana unatulia kidogo, usiku ukishajifunika blanketi mwili ukapata joto, unaanza. Tena ulikuwa na mahali pake: katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kwapani, kiunoni panapokaa mkanda, kwenye makalio, na kwa wanaume sehemu za siri. Yule mchanga alitoka vipele hadi kwenye nyayo na kichwani, jambo ambalo kwa mtu mzima ni nadra.

Tulipompeleka kijana kituo cha afya, tabibu alichukua kalamu ya wino akampaka kwenye ngozi katikati ya kidole cha kati na cha pete, akasubiri kidogo, kisha akafuta kwa pamba yenye spiriti. Wino ulitoka kote isipokuwa kwenye kimstari kimoja kilichopindapinda, chembamba kama uzi wa cherehani, na mwishoni mwake kinukta. "Hiyo ndiyo njia yake," akatuambia. "Jike linachimba humo, linataga humo humo." Alikuwa anamsema mdudu anayeleta upele; jike lake halifiki nusu milimita. Hutaga mayai 2 au 3 kwa siku, mayai huanguliwa baada ya siku 3 hadi 4, na katika wiki 2 hivi wale wadogo wameshakuwa wakubwa. Kilichonishangaza ni kwamba mtu mzima mwenye upele wa kawaida huwa na wadudu 10 hadi 15 tu mwili mzima. Kijana alikuwa na vipele tumbo zima! Tabibu akafafanua kwamba vingi vya vipele hivyo ni mwili unaokataa mayai na kinyesi cha wadudu, hata pale ambapo mdudu mwenyewe hayupo.

Akatuambia na jambo la pili, ambalo ndilo lililotuokoa. Mtu ambaye hajawahi kuupata upele anaweza kukaa nao wiki 4 hadi 6 kabla hajaanza kuwashwa, na muda huo wote anawaambukiza wenzake. Baba mkwe wangu alikuwa analala chumba kimoja na wajukuu, na kila siku anasema, "Mimi siwashwi, niacheni." Tungemwacha, tungemaliza dawa yote, halafu wajukuu wangerudi kulala ubavuni kwake na mambo yangeanza upya. Mume wangu alimfuata barazani, akamweleza taratibu kwamba haombwi apake kwa ajili yake, anaombwa kwa ajili ya wale watoto. Mzee akanyamaza, kisha akasema, "Kama ni kwa wajukuu, leteni."

Wakubwa walipewa BBE, ile dawa nyeupe ya majimaji inayopatikana karibu kila duka la dawa, ya asilimia 25. Kwa watoto tulielekezwa kuichanganya na maji safi nusu kwa nusu. Inapakwa baada ya kuoga na kujikausha, kuanzia shingoni hadi nyayoni, mwili mzima, na si kwenye vipele tu. Hapa ndipo nilisimama mwenyewe na taa. Nilihakikisha imeingia chini ya kucha tulizokwisha kuzikata, kwenye kitovu, nyuma ya magoti, kwenye mfereji wa makalio, katikati ya kila kidole cha mguu. Mtu akinawa mikono baada ya kula, anapakwa mikono upya. Inachoma kwenye ngozi iliyochunika, na watoto walilia. Tuliwapepea hadi ikakauka. Tulipaka usiku 3 mfululizo kama tulivyoandikiwa, watu wote jioni ile ile, na tukarudia baada ya wiki moja ili kuwamaliza wale walioanguliwa baadaye. Usiku wa marudio ndio wengi huuacha kwa kuona wamepata nafuu. Mimi naushikilia kuliko ule wa kwanza.

Mtoto mchanga na wifi hawakupewa BBE. Waliandikiwa mafuta ya salfa, yaani unga wa salfa uliochanganywa na mafuta mazito ya mgando kwa asilimia 5 hadi 10. Ni dawa ya zamani sana, inanuka kama mnavyoijua salfa, inatia doa nguo, lakini ni salama kwa watoto wachanga na wajawazito. Kwa mchanga tulipaka hadi kichwani na usoni, tukikwepa macho na mdomo, tukamvalisha soksi mikononi asije akaila.

Na sisi watu wa mikoa ya korosho, naomba tusikilizane hapa. Mwezi wa sita ndio msimu wa kupulizia mikorosho, kila nyumba ina mfuko wa salfa ya kuzuia ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, na ushauri wa kwanza niliopewa ulikuwa nichote humo nichanganye na mafuta ya nazi. Sikufanya. Salfa ya shambani imetengenezwa kwa ajili ya majani ya mkorosho, haikusafishwa kwa ajili ya ngozi ya mtu, na ukikadiria kwa kijiko unaweza kumuunguza mtoto vibaya. Ya duka la dawa imepimwa.

Kazi iliyotutoa jasho ilikuwa nguo. Kila maelekezo yanasema fua matandiko yote kwa maji ya moto. Mwenye kuijua Newala anajua maana ya neno maji huku juu. Kisima chetu cha kuvunia mvua kilikuwa kimebaki tope, na maji ya ndoo tulikuwa tunanunua. Kufua mablanketi ya watu wote kwa maji ya moto kusingewezekana. Kilichotusaidia ni kujua kwamba mdudu huyu hawezi kuishi mbali na mwili wa mtu zaidi ya siku 2 au 3. Basi maji kidogo tuliyokuwa nayo yakaenda kwenye shuka, khanga za kulalia na nguo za ndani, tukaziloweka kwenye maji ya moto ambayo mkono hauvumilii, na zikikauka zinapigwa pasi ya mkaa, hasa kwenye pindo. Mablanketi, masweta na mito tulijaza kwenye tranka la shule na mapipa yenye vifuniko, tukafunga, hakuna kugusa wiki nzima. Tulikuwa tumeazima mablanketi mawili kwa dada yangu ya kuvuka nayo wiki hiyo. Mikeka na magodoro vilianikwa juani. Nyumba haikupuliziwa sumu yoyote, wala haihitajiki.

Sasa majani. Mama mkwe wangu ni mjuzi wa miti, na simdharau hata kidogo. Alitwanga majani mabichi ya mwarobaini na manjano, majani mengi manjano kidogo, hadi ikawa uji mzito, akawapaka watoto jioni. Mwasho ulipungua, nililiona hilo kwa macho yangu. Nimekuja kusoma kwamba mchanganyiko kama huo ulijaribiwa nchini India, matokeo yakatolewa mwaka 1992: watu 814 walipakwa, na 97 katika kila 100 walipona ndani ya siku 3 hadi 15. Ni habari njema, ila hapakuwa na kundi la kulinganisha lililopakwa kitu kingine, kwa hiyo siwezi kumwambia mzazi aache dawa ategemee hilo. Tulikubaliana na mama mkwe hivi: BBE na salfa ndizo za kuua wadudu, mwarobaini wake ni wa kuwatuliza watoto katika siku za katikati, pale ambapo ngozi haijachunika. Aliridhika, na mimi niliridhika. Kuunywa mwarobaini nilikataa kabisa kwa watoto. Mafuta yake yakimezwa yanaweza kumdhuru vibaya mtoto mdogo.

Mafuta ya karafuu pia yalitajwa, na yana jambo lake, maana kiini chake kimeonyesha maabara kwamba kinaua wadudu hawa. Lakini yakipakwa bila kuzimuliwa yanaunguza. Kwetu hayakutumika kwa mtoto yeyote.

Kuna dawa nyingine niliambiwa ambazo zinanitia hofu hadi leo: mafuta ya taa, maji ya betri, na dawa ya kuogeshea mifugo. Zote zinapita kwenye ngozi iliyochubuka, zinaunguza, na ile ya mifugo inaweza kuua mtoto. Tafadhali, hata ukikosa hela ya dawa usizitumie. Na zile krimu za kujichubua au za kutuliza mwasho zenye steroidi, zinaficha vipele wakati wadudu wanaendelea kuzaliana chini yake. Mtu anaonekana amepona naye ndiye anayeambukiza.

Majirani walikuwa mtihani. Upele kwetu unahesabiwa uchafu, na kumwambia mama mwenzio kwamba watoto wake huenda wanao ni kumtukana. Lakini watoto wa nyumba ya pili walikuwa wanacheza na wetu mkeka mmoja kila jioni. Nilikwenda kwake asubuhi, nikaanza na wangu. "Mwenzangu, nyumbani kwangu tuna upele, sote, hadi baba mkwe. Nimekuja kukuomba msamaha, maana wanao wanashinda kwangu." Alikuwa amejikunja, uso umekaza, kisha akafunua mkono wa mtoto wake wa kike, katikati ya vidole kumechimbika. Alikuwa amekaa nalo peke yake. Nilimwambia nililoambiwa, kwamba wakati wowote watu zaidi ya milioni 200 duniani wana upele, kwamba Shirika la Afya Duniani limeuweka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika tangu mwaka 2017, kwamba mdudu huyu anaingia kwa anayeoga mara tatu kwa siku kama anavyoingia kwa asiyeoga, almuradi ngozi imegusana na ngozi kwa muda. Tulipaka jioni moja, nyumba mbili. Bila yeye nisingefika popote.

Baada ya dawa kulikuja kipindi ambacho kinavunja moyo watu wengi: wadudu wamekufa, mwasho upo. Mizoga na mayai yamebaki ndani ya ngozi hadi ngozi yenyewe ijivue, na mwasho unaweza kuendelea wiki 2 hadi 4. Wengi hapo hupaka BBE kila siku, ngozi inakauka, inapasuka, inawasha zaidi. Sisi tulirudi kwenye dawa za nyumbani, na hapa ndipo zinapostahili heshima zake. Kitambaa kilicholowekwa kwenye maji baridi na kukamuliwa, kinawekwa juu ya mahali panapowasha. Mafuta ya nazi baada ya kuoga, mwili ukiwa na unyevu bado. Maji ya kuoga yasiwe ya moto. Losheni ya kalamaini, ya kutuliza mwasho, kwa watoto. Usiku, kwa waliozidiwa, kidonge cha mzio alichoandika tabibu. Nilichokuwa nakiangalia ni vijia vipya kati ya vidole. Vingeonekana, au mwasho ungevuka wiki 4, tungerudi kituoni. Kuna vidonge vya ivamektini, vile vile tulivyokuwa tunamezeshwa kwenye kampeni za matende na mabusha, ambavyo tabibu huweza kuwapa wakubwa. Havipewi wajawazito wala watoto wadogo wa chini ya kilo 15.

Mtoto wetu mmoja alitunga usaha mikononi kwa kujikuna. Huyo hakusubiri jani lolote, alipelekwa siku ile ile akaanza antibiotiki. Bakteria wanaoingia kwenye vidonda vya upele wanaweza kuleta ugonjwa wa figo, kwa hiyo tuliambiwa tumwangalie asivimbe uso asubuhi, na mkojo wake usibadilike kuwa mwekundu au mweusi. Alipona vizuri.

Kabla kijana hajarudi shule mume wangu alimpigia simu matroni. Hakulalamika, alimwambia tu tulichokikuta na akaomba bweni lote lipakwe jioni moja. Matroni alishukuru, alikuwa akiwatibu mmoja mmoja kadiri wanavyojitokeza. Wazazi tulichangia dawa, wanafunzi wakapakwa wote, magodoro yakatolewa nje. Likizo ya mwezi wa kumi na mbili nilimkagua vidole getini kabla hata hajaweka tranka chini, akacheka, nikamkumbatia.