Shangazi Kwenye Mizani

Katika yote niliyosomea leseni ya urubani, hakuna aliyenifundisha namna ya kumwuliza shangazi yangu ana kilo ngapi.

Nilimpigia simu Alhamisi jioni. Tukasalimiana, tukamaliza habari za miguu yake na za mvua, ndipo nikajikaza nikauliza. Kimya. Kisha akasema sabini. Nikaandika sabini kwa penseli, wala si kwa kalamu, na Jumamosi nikaja uwanja wa ndege wa Kisumu na mizani ya nyumbani nimeifunga ndani ya leso. Ikasema 91. Shangazi akasema ni viatu.

Hakuja peke yake. Alikuja na mwanawe, binamu yangu wa kilo 84, aliyenunua miwani ya jua kwa ajili ya siku hiyo. Na mjukuu wa miaka minane, kilo 27. Na kikapu walichopitia kukijaza sokoni Kibuye, sukari, unga na maembe, ambacho chenyewe kilikuwa kilo 30.

"Shangazi, hatushuki Muhoroni. Tunaenda kuiona nyumba yako kutoka juu, halafu tunarudi hapa hapa."

Akanitazama kama mtoto ambaye hakulelewa. "Mtu haendi nyumbani mikono mitupu."

Miguu imemfungia Mamboleo kwa mwanawe tangu mwaka jana. Nyumba yake ya Muhoroni imeezekwa upya yeye hayupo, mabati ya bluu, na paa hilo amelijua kwa picha ya simu tu. Ndiyo ahadi niliyompa siku nilipofaulu mtihani wa mwisho.

Leseni ina mwezi mmoja sasa. Kanuni zinataka saa 40 za kuruka, zisipungue, na kati ya hizo saa 10 uwe peke yako. Zangu zilifika 58, kwa sababu za mfuko: unalipia saa tatu, unakaa miezi miwili ukitafuta za saa ya nne, ukirudi mikono imesahau. Nilijifunzia Wilson, Nairobi, ambako ndege ndogo hupanga foleni kama matatu stendi. Mkufunzi wangu alikuwa na neno moja, "mguu", maana yake nikanyage pedali ya kulia tunapopaa, kwa kuwa injini ikivuta kwa nguvu zote pua ya ndege hukimbilia kushoto. Mguu. Mguu. Mguu! Kuna siku nilitamani apoteze sauti. Sasa kiti chake ndicho hicho nilichokuwa nikimpimia shangazi.

Na hilo ndilo sijalizoea. Kuruka nilikuwa nikiruka hata kabla ya leseni. Kilichopungua ni mtu wa kuniambia leo hapana. Kazi hiyo nimeachiwa mimi, mtu ambaye kukataa humshinda hata kwenye harambee.

Cessna 172 ina viti vinne, na watu huamini viti vinne ni watu wanne. Hii niliyoikodi, ukishatoa uzito wake yenyewe, inabakiwa na kilo 365 za kugawana watu, mizigo na mafuta. Lita 100 za petroli ya ndege ni kilo 72. Mimi 68. Nikajumlisha mara mbili nikiwa nimesimama chini ya bawa: 372. Kilo saba zimezidi, hesabu ambayo mama mboga angekuachia bila maneno. Lakini uwanja wa Kisumu uko karibu futi 3,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa ikipata joto hupanuka, ikawa nyepesi. Nyuzi zikifika 30, jambo la kawaida hapa, mabawa na propela hufanya kazi kana kwamba uwanja uko futi 6,500 na zaidi, na injini nayo inavuta hewa ile ile pungufu. Barabara ya kurukia hapa ni ndefu, inapita kilomita tatu, na huo urefu ndio unaomdanganya mtu. Kuondoka ardhini utaondoka. Kupanda ndiko utapanda kwa kujikokota, na huko tulikokuwa tunakwenda kuna milima.

Kikapu kikatoka. Kisha binamu, maana sikutaka kubaki na kilo chache tu za akiba kwenye joto lile. Alivua miwani polepole, akaenda kukaa kivulini na kikapu chake. Kabla sijafunga mlango alirudi mbio akanisukumia noti ya mia tano, ya mafuta. Nikamweleza kwamba leseni yangu hainiruhusu kubeba mtu kwa malipo. Akauliza kama hiyo sheria inajua bei ya mafuta.

Kwa hiyo tuliondoka saa nne unusu badala ya saa mbili. Kosa hilo ni langu, si la Kibuye. Asubuhi na mapema upepo wa Kisumu hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na jua likishika hugeuka. Nchi inachemka, ziwa linabaki baridi, na hewa ya ziwani inakimbia uwanda wa Kano mpaka inagonga milima, ya Nandi mkono huu na ya Kericho mkono ule. Inapanda, inakuwa wingu, na alasiri inarudi chini ikiwa radi na mawe. Nilipokuwa nikikinga mafuta kwenye chupa kuangalia kama yana maji, soksi ya upepo, ule mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo unakoelekea, ilikuwa imelala. Nilipomfunga shangazi mkanda ilikuwa imejaa, mkia wake umeelekea bara. Hata gugumaji, lililokuwa mbali ghubani nilipofika, lilikuwa limeanza kurudi ufukweni.

"Mguu," nikajiambia kwa sauti tulipoanza kukimbia.

"Mguu umefanya nini?" shangazi akauliza kwenye hedifoni.

Tulipaa kuelekea ziwani. Alipoona maji chini yake, alisema baba yake alikuwa akiwasimulia habari za ndege zilizotua juu ya maji hapa Kisumu, nao watoto wakimcheka. Nikamwambia ni kweli tupu: katika miaka ya 1930 ndege za Imperial Airways kutoka Uingereza zilikuwa zikitua ziwani hapa. Akanyamaza kidogo.

"Basi tulimwonea," akasema.

Tukakata kushoto, tukaipita Dunga, tukaingia Kano. Mashamba ya mpunga ya Ahero yaling'aa kama vioo vilivyoanikwa, na Mto Nyando ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Mjukuu alihesabu malori ya miwa mpaka yakamchanganya. Muhoroni ni kama dakika 17 kwa mwendo wetu. Dakika ya kumi niliona mawingu ya Nandi, ambayo asubuhi yalikuwa pamba kidogo tu kileleni, yameshuka hadi kiunoni mwa mlima. Upande wa Kericho lilining'inia pazia la kijivu. Katikati palikuwa na lango, lina mwanga, na Muhoroni iko ndani ya lango hilo, pale uwanda unapobanwa.

Leseni yangu ni ya kuruka kwa macho. Wingu siruhusiwi kuliingia. Lakini lango lilikuwa wazi. Ningeweza kwenda na kurudi, labda. Nikatazama kulia. Shangazi alikuwa amevaa nguo ya kanisani, kitambaa cha kichwa kimepigwa pasi, paji la uso limegusa kioo.

"Iko karibu?"

"Karibu sana," nikasema. Kisha: "Shangazi, tunarudi."

Nilisema kabla sijapata maelezo ya kumpa. Ningeanza kutafuta maelezo, ningeyapata ya kuendelea.

Nikainamisha bawa, tukageuka huku bado pana nafasi ya kugeukia. Hakuuliza kitu, na afadhali angeuliza. Tulipoikaribia tena Ahero ndipo aliposema, "Mvua?"

"Mvua."

"Ya namna hiyo huja na mawe." Akasema kama mkulima, akafungua mkoba akatoa pipi, akampa mjukuu, akanipa na mimi.

Kutua kwangu hakukuwa kwa kujivunia. Tuligusa, tukadunda, tukagusa tena, na mjukuu akapiga makofi akidhani ndivyo inavyofanywa. Binamu alikuwa amekula maembe manne.

Jioni nilimpigia simu jirani yake wa Muhoroni. Hakukudondoka hata tone, akasema. Mawingu yalikaa kaa, yakatawanyika. Nimelizungusha jibu hilo kichwani tangu saa moja, nimechora upya lile lango kwenye karatasi mara tatu, na kila mara naliona jembamba kidogo au pana kidogo, kulingana na ninavyotaka.

Kwenye kitabu changu cha safari nimeandika dakika 34, kutua mara moja. Shangazi analala kwangu leo. Namsikia chumbani akiongea na dada yake kwa simu: paa ameliona, bluu kabisa, wameezeka vizuri, isipokuwa mbuzi wake mmoja alikuwa ameingia shamba la jirani.