Nilivyofundisha form five kufanya utafiti wa kikundi, tukaenda kupima lumbesa sokoni

Nafundisha Geography A-level mkoa wa Njombe, na mada ya research ndo huwa inawaua watoto kwa sababu wanaikariri tu. Ukimuuliza sampling ni nini anakutiririshia difinisheni bila kukosea neno, mwambie sasa nenda kachague watu wa kuhoji, anakutolea macho. Nikasema hawa wa HGE (History, Geography na Economics) nawapeleka field kweli, makundi ya watu watano watano, mada moja ya hapahapa kwetu: viazi na lumbesa.

Kwa asiyejua, lumbesa ni lile gunia linajazwa mpaka juu halafu linaongezewa kichwa kinafungwa kwa kamba, mkulima analipwa kama gunia moja. Sheria ya vipimo inataka mazao yauzwe kwa mzani na gunia lisizidi kilo 100, ila msimu ukifika pita Makambako pale barabara ya Songea inapokutana na ya Dar na Mbeya, utayaona kwenye malori.

Kazi kubwa ilikuwa kwenye swali la utafiti, hapo nilikaa nao sana kuliko sehemu nyingine yoyote. Makundi karibu yote yalileta kitu kama "athari za lumbesa kwa uchumi wa Tanzania". Sikuwakatalia, niliwauliza tu, hiyo utaipimaje kwa daftari, kalamu na Jumamosi mbili? Wakakaa kimya, wakaanza kubishana wenyewe, wakapunguza, wakapunguza tena. Kundi moja likaishia hapa: gunia linalopakiwa kwenye soko letu lina uzito gani, na mkulima analipwa kwa uzito au kwa gunia? Hapo nikawapa go ahead maana hilo linajibika.

Dodoso nalo lilikuwa na swali "Je, unaona lumbesa ni tatizo?" Niliwafanya waulizane wao kwa wao kwanza, mmoja ajifanye mkulima, mwingine dalali. Kila aliyeulizwa akajibu ndiyo, dalali naye ndiyo! Binti mmoja akasema ticha hili swali halitupi kitu, kila mtu atajibu jibu zuri. Wakalifuta, wakaandika "gunia la mwisho uliuza lini, shilingi ngapi, nani alilijaza?" Yaani tofauti ya majibu sokoni ilikuwa kubwa mno, kwa sababu mtu akikumbuka siku yenyewe anaanza kukusimulia mpaka habari za kamba ilitoka wapi.

Kabla ya kwenda, barua ya mkuu wa shule ilipitia kwa mtendaji wa kata na kwa mwenyekiti wa soko, hii usiiruke kabisa. Hata hivyo tulipofika swali la kwanza lilikuwa "nyie wanangu mmetumwa na watu wa vipimo?" Watoto tulishakubaliana darasani hakuna kuandika jina la mtu, hakuna kupiga picha gari wala namba zake, wakamwonyesha yule mama daftari lenyewe aone lina namba tu, muuzaji 1, muuzaji 2. Akawavutia na ndoo wakae. Mzee mmoja alikuwa anaelewana zaidi kwa Kibena, basi kijana aliyekuwa mpole kuliko wote kwenye kundi ndiye akaongoza mahojiano, tangu siku ile wenzake wanamsikiliza.

Mzani tuliazimwa na mfanyabiashara wa mahindi. Walipima kila gunia la tano linalopanda kwenye lori ili wasichague yale makubwa ya kutisha, na mengi yalipita kilo 100 kwa mbali. Nafurahi sana ninavyokumbuka ile kelele yao kila mshale ukitulia.

Sasa suala la wa kubebwa, maana kila kundi linaye. Mimi kila mtu alikuwa na daftari lake la field na kazi yake, wa kuhoji, wa kuandika, wa mzani, wa kutunza muda, Jumamosi ya pili wanabadilishana. Maksi nusu za ripoti ya kundi, nusu za daftari lako na maswali ya mdomo. Na siku ya prizentesheni anayesimama anachaguliwa kwa bahati nasibu palepale, kwahiyo wiki nzima kabla ya hapo walikuwa wanafundishana wenyewe prepo, wanaojua hesabu wanawaelekeza wenzao kutafuta wastani mpaka usiku. Hii ndo silaha yangu kubwa, mwalimu mwenzangu ukichukua kimoja tu kwangu chukua hiki.

Kuandika, niliruhusu noti za sokoni ziwe za Kiswahili kama watu walivyosema, Kiingereza kikaja kwenye ripoti. Ukilazimisha Kiingereza kule kule, mtoto anaandika anachoweza kutafsiri, sio alichosikia.

Muda: fanya wakiwa form five. Form six wana mock halafu NECTA ya mwezi wa tano, hapo hata uwape mada tamu vipi akili zao ziko kwenye past paper. Form five wa mwaka huu nimeshawakabidhi madaftari ya kaka na dada zao, wameanza kulumbana kama kichwa cha gunia anafaidi dalali wa hapa au mnunuzi wa Dar, na tayari wananidai barua ya kwenda sokoni.