Mama na kasa wa Akumal

"Mama, kweli bibi alikuwa anakula kasa?"

Nani kamwambia mwanangu sijui. Nadhani ni mama mdogo wa Wete, maana wale wawili wakishikana kwenye simu hakuna siri inayosalimika. Nikamjibu ndiyo, zamani, kabla serikali haijakataza. Akanitazama kwa muda, akaondoka zake. Nikabaki na vitumbua vyangu, lakini akili ilishafika Akumal, kule Meksiko.

Ilikuwa Aprili, Mama, huyo bibi yake, yuko kwetu Houston, kachoka kukaa ndani na kiyoyozi. Meksiko tuliichagua kwa wepesi tu: Cancún ni mwendo wa saa mbili na kitu kwa ndege, na mwenye viza ya Marekani haombi nyingine. Tulifikia Playa del Carmen, kwenye hoteli zile za kuvishwa kikuku cha plastiki halafu unakula mpaka unakinai. Mama alikula kwa mashaka. Kila sahani lazima kwanza niulize kama nguruwe hayumo.

Asubuhi ya kwanza tukateremka ufukweni, harufu ya mayai viza ikatupokea. Wanaume wenye reki na matoroli walikuwa wanazoa magugu ya rangi ya kahawia, marundo kwa marundo, na trekta linasubiri. Mama, aliyetusomesha sote kwa mwani, akasimama.

"Wanaupeleka wapi?"

Nikauliza kwa Kihispania changu cha sokoni. Wanakwenda kuutupa.

"Kuutupa?"

Nikamweleza kwamba huu si mwani wake wa kufunga kwenye kamba na vigingi. Huu huelea wenyewe huko baharini, hauna hata mzizi, na kwa miaka sasa upepo na mikondo inauleta kwa wingi ufukweni, ukioza unanuka na wageni wanakimbia. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Hata hivyo," akasema.

Kwenda Akumal tulipanda colectivo, vile vigari vyeupe vinavyopita barabara kuu kuelekea Tulum. Ni daladala tupu: unabanana, unamwambia dereva pa kukushusha, unalipa. Mama alifurahi kuliko siku zote tangu aondoke Pemba. Akumal penyewe ni ghuba tulivu iliyokingwa na mwamba, chini yake nyasi za bahari, na nyasi hizo ndizo zinazowaleta kasa. Tangu 2016 ni eneo la hifadhi. Kwa hiyo utavaa laifujaketi, utafuatana na kiongozi, hutamgusa kasa, na hata mafuta ya kujikinga na jua hutakiwi kujipaka.

Sasa, Mama hajui kuogelea. Wanawake wengi wa rika lake kwetu hawajui. Bahari yao ni ile ya maji kupwa, ikizidi sana inafika kiunoni. Nilikuwa nimemnunulia nguo ya kuogelea ya kufunika mwili mzima, na mtandio kaufunga nyuma ya shingo fundo la kazi. Kijana aliyetuongoza akamtazama, akaenda kuchukua boya la duara na kumkabidhi bila kusema neno. Mama akalikamata kwa mikono miwili, akapiga bismillahi, akatumbukiza uso.

Alikuwepo chini yetu kabisa. Kasa mkubwa, gamba lake upana wa sinia la pilau, anakata majani bila haraka, kila anaponyofoa vumbi la mchanga linatimka mbele ya pua yake. Anasogea kidogo, anakata tena. Mguu wa mbele mmoja una kovu. Nilikuwa nasikia pumzi ya Mama kwenye mrija, nzito kwanza, halafu ikatulia. Kisha kasa akaacha kula, akainua kichwa na kupanda taratibu hadi juu, mkono mmoja tu kutoka kwa Mama. Akatoa kichwa, akapumua kwa kishindo, akamwangalia Mama kwa jicho lililochoka, akazama. Hapo ndipo tulipouona mgongo wake vizuri.

Mama akachomoa mrija mdomoni.

"Chazo! Ana chazo mgongoni!"

Kijana akadhani anazama, akaja mbio. Mama wala hakumjali. Alikuwa ananionyesha kwa kidole vile visamaki viwili virefu vilivyojigandisha kwenye gamba, ananieleza jinsi babu yake alivyokuwa akimfunga chazo kamba mkiani, anamwachia, chazo anakwenda kujibandika kwa kasa, na babu anavuta polepole mpaka kwenye mtumbwi. Na nyama ile, mwanangu, na mafuta yake!

"Anasemaje?" kijana akaniuliza.

"Anasema ni mzuri sana."

Siku zilizobaki zilipita tu. Cozumel tulikwenda kwa feri, tukaona viti vya pweza juu ya mchanga mweupe. Tulum Mama alisema jua kali, akakaa kivulini.

Machi 2024, habari za Kisiwa Panza, huko kwetu Pemba, zilipotoka, watu tisa wamekufa kwa nyama ya kasa, wanane kati yao watoto, Mama alinipigia simu akilia. Hakutaja Akumal, na mimi sikuitaja. Sijui ningeanzia wapi. Huku watu wanalipa dola kumtazama kasa akila, kule wanamla na wanajua anaweza kuwaua. Mama amekaa pande zote mbili, na sijawahi kumsikia akisema ipi ina akili zaidi.

Lakini jioni ile ya Akumal alikuwa na furaha yake. Alimpigia mama mdogo kwa video, nywele bado zina chumvi, akamtajia bei tuliyolipa. Mama mdogo alicheka mpaka picha ikaganda.

"Kumtazama tu? Hata kumgusa hamna?"

"Hata kumgusa," Mama akasema. "Na kesho twaenda tena."