Siku neno "mjinga" lilipokatwa kwenye shairi langu

Nilikuwa sekondari, tumepewa kazi ya kutunga shairi la tarbia, kila ubeti mishororo minne, kila mshororo mizani (yaani silabi) kumi na sita, vina vya kati na vya mwisho. Mi nikaamua kumwandika mtawala mpumbavu maana nilikuwa na hasira sana na watu wanaoamuru mambo yasiyowezekana halafu wanataka kupigiwa makofi. Basi nikamwaga matusi, mjinga, bwege, kichwa maji, vina vimekaa sawa kabisa, nikasimama kughani nikijua darasa litavunjika mbavu.

Hakucheka mtu.

Mwalimu akachukua daftari, hakugusa mizani wala vina, akakata kila neno "mjinga" kwa wino mwekundu, akaniambia, "Mwanangu, umeshamhukumu wewe, sasa msomaji abaki na kazi gani? Nenda kamsifu. Msifu mpaka aibu ionekane yenyewe."

Aisee nilikesha na lile shairi. Ugumu wa kinaya, yaani kusema kinyume cha unachomaanisha, ni kwamba nafsineni, yule anayezungumza ndani ya shairi, lazima aamini anachosema, akikonyeza tu kidogo imeharibika, kwa hiyo nikamfanya awe chawa wa ikulu anayempenda bosi wake kwa moyo wote. Ubeti ukaanza hivi:

Jabari wetu mwerevu, kalifunga jua jela,
Kosa lake ni uvivu, jioni kwenda kulala

na kibwagizo nikaweka "Aishi miaka mia, atufunze ya busara". Kile kibwagizo ndo kilifanya kazi kubwa kuliko vyote, yaani maneno ni yaleyale kila ubeti lakini upumbavu unazidi kupanda juu yake, sifa ileile inazidi kuuma.

Kesho yake nikaghani taratibu, sauti ya heshima kabisa kama niko mbele ya kiti cha enzi. Ubeti wa kwanza watu wakatazamana, wa pili mmoja akaguna, wa tatu darasa zima likaitikia kibwagizo huku wanalia kwa kicheko, na mimi moyo unanidunda kwa furaha ambayo siwezi kuisahau.

Kicheko kilipotulia, binti mmoja wa dawati la mbele, mpole, haongeagi, akauliza, "Sasa nani alimwambia Jabari kwamba jua limeshafungwa?"

Darasa likanyamaza. Mwalimu akanitazama tu.

Usiku ule nikaongeza ubeti wa nne, wa askari aliyetumwa kwenda kulikamata jua, akarudi jioni na funguo mkononi.