Silinda ya toplinki: msiangalie unene, angalieni inavuta kiasi gani

Sikuhizi wakulima wengi wanataka kuweka silinda ya haidroliki pale kwenye toplinki ya trekta, ule mkono wa juu kati ya mikono mitatu ya nyuma inayoshika jembe (pointi tatu), ili wasiwe wanashuka kila saa kuzungusha skrubu. Mimi nawaunga mkono kabisa, hasa kama unalima na jembe la diski kwenye shamba lenye udongo wa kubadilika, huku kichanga kule mfinyanzi. Ukifupisha toplinki diski ya mbele inazama zaidi, ukirefusha ya nyuma ndo inakamata, sasa hiyo kazi ukiifanya umekaa kwenye siti siku inaenda vizuri sana.

Tatizo ni namna tunavyonunua. Mtu anaenda kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam, anaulizia jeki, anaonyeshwa ya tipa, anaona nene anasema hii ndo yenyewe. Jamani jeki ya tipa inasukuma tu, kurudi inarudishwa na uzito wa bodi, haina oili ya kuivuta. Toplinki inataka silinda ya kusukuma na kuvuta, yenye paipu mbili, na trekta yako iwe na spuli (valvu ya kuongoza oili kwa mkono) ya njia mbili, hilo hakikisha kabla hujatoa hela.

Na kuvuta ndo kwenye maana hapa. Jembe likiwa limenyanyuliwa uzito wote unaelekea nyuma na chini, toplinki inavutwa, na silinda upande wa kuvuta ni dhaifu zaidi kwasababu rodi, ile chuma inayoingia na kutoka, imekula nafasi ya oili. Chukua silinda yenye kipenyo cha ndani milimita 63 na rodi ya 35, presha tuseme baa 180 (ya kwako soma kwenye kitabu cha trekta), inasukuma kama tani 5.7 lakini inavuta tani 4 hazifiki. Ukiweka rodi ya 40 inashuka hadi tani 3.4 hivi, ingawa haipindi kirahisi. Kwaiyo muuzaji akikutajia tani muulize, za kusukuma au za kuvuta?

Alafu urefu. Funga jembe, weka toplinki ya skrubu kwenye ufupi wa mwisho unaoutumia, pima katikati ya tundu la pini hadi katikati ya tundu la pini, kisha fanya hivyohivyo kwenye urefu wa mwisho. Ukipata sentimita 55 na 70, silinda ya 53 ikiwa imefunga yenye mwendo wa 20 inatosha kabisa. Usichukue inayofunga fupi zaidi kwa tamaa ya mwendo mrefu, siku ukiirudisha yote jembe linakuja kugonga tairi. Pini nazo, trekta ndogo ni milimita 19 na za HP 75 hivi mara nyingi ni 25, usikubali fundi akutanulie tundu kwenye sikio (kile chuma cha mwisho chenye tundu la pini) jembamba.

Kitu ambacho sitamshauri mtu aruke ni valvu ya kufunga oili isitoke kwenye silinda. Spuli inavujisha ndani kidogokidogo, ukiwa barabarani jembe linashuka lenyewe taratibu. Na hiyo valvu ikae kwenye silinda yenyewe, isiunganishwe kwa paipu, maana paipu ikipasuka ndo siku unayoihitaji.

Kama unachukua iliyotumika, vuta rodi yote nje upitishe ukucha kwenye kromu toka mwanzo hadi mwisho, ukikwama mahali achana nayo, hata ukibadilisha sili (raba za kuzuia oili) zitaliwa tena.

Ukishafunga, ingiza na utoe mara kadhaa bila jembe hewa itoke, angalia oili uongeze. Ukihisi inavuja usipapase paipu kwa mkono, pitisha kipande cha boksi, oili ya presha ile inatoboa ngozi na kuingia mwilini, na ikikupata nenda hospitali hapohapo hata kama kidonda ni kama cha sindano.