Swali la mfungwa katika Dominika ya furaha

Leo ni Dominika ya tatu ya Majilio, kipindi cha kungojea Krismasi. Padre kavaa kasula ya rangi ya waridi, mshumaa wa tatu umewashwa kwenye shada, nao ndio wa waridi peke yake kati ya ile ya zambarau, na antifona ya mwanzo, yaani aya fupi ya kufungulia Misa, imetuamuru tufurahi katika Bwana. Kisha ikasomwa Injili ya mtu aliye gerezani ambaye hana hakika tena. Naandika haya kabla hayajapoa.

Yohane Mbatizaji, yule aliyesimama Yordani akatangaza kwa sauti kwamba Mwanakondoo wa Mungu ndiye huyu, sasa kafungwa na Herode. Mwanahistoria Yosefu Flavio anaitaja ngome ya Machaerus, mashariki ya Bahari ya Chumvi, kuwa ndiko alikopelekwa. Kutoka huko anawatuma wanafunzi wake kwa Yesu wakaulize: ni wewe yule ajaye, au tumngoje mwingine? Namwelewa kabisa. Alihubiri shoka lililokwisha kuwekwa shinani pa miti, na shoka halikuanguka. Herode yuko mezani anakula. Yeye yuko shimoni.

Na jibu analoletewa si jepesi. Vipofu wanaona, viwete wanatembea, wenye ukoma wanatakaswa, maskini wanahubiriwa habari njema. Maneno hayo yanatoka kwa Isaya, na Yohane alimjua Isaya vizuri. Ndiye aliyejieleza kwa maneno yake, sauti ya mtu aliaye nyikani. Basi lazima aligundua kilichoachwa. Isaya 61 inasema pia kwamba wafungwa watafunguliwa. Yesu hakulitaja hilo. Yohane hakutoka, alikatwa kichwa mle mle.

Nimekaa na pengo hilo mchana kutwa. Kaka yangu anasubiri majibu ya vipimo. Ofisini kuna minong'ono ya kupunguza watu. Usiku simu inawekwa chini ya mto eti nilale, na saa nane ninaichukua, natelezesha kidole: vita, mafuriko, bei, vita tena. Nikiizima, kioo kinabaki na alama za vidole vyangu, nami sijajua lolote la kunisaidia ambalo sikulijua jioni. Katika hali hiyo, ndugu mmoja wa jumuiya aliniambia kwamba mwenye imani haogopi. Alikusudia mema, najua. Lakini sentensi hiyo inakuongezea mzigo: ulikuwa na hofu, sasa una hofu na aibu juu yake.

Majilio yenyewe hayasemi hivyo. Katika mwaka C, mmoja wa miaka mitatu ya mzunguko wa masomo ya Misa, Dominika ya kwanza kabisa inafunguliwa na Luka 21: bahari inavuma, mataifa yanahangaika, watu wanavunjika mioyo kwa hofu ya yanayoujia ulimwengu. Hapo ndipo Kanisa linapoanzia mwaka wake, kabla ya malaika na wachungaji. Hofu inatajwa kwa jina lake, kisha inakuja amri ya kuinua vichwa. Hakuna mahali tunapoambiwa kwamba bahari imetulia kwanza.

Hata hiyo amri ya leo ya kufurahi, ukiifuatilia, inatoka kwa mfungwa. Ni Paulo kwa Wafilipi, naye katika barua hiyo hiyo anavitaja vifungo vyake. Ingekuwa imeandikwa na mtu aliyeketi kivulini, miguu juu ya kiti, nisingeisikiliza. (Labda hiyo ni kasoro yangu, lakini watu waliostarehe wanaponihimiza nifurahi nakuwa mgumu.)

Dietrich Bonhoeffer naye, mchungaji Mlutheri aliyefungwa na Wanazi, akiwa gereza la Tegel mjini Berlin, aliandika katika barua ya Novemba 1943 kwamba maisha ya selo yanafanana na Majilio: mtu anangoja, anatumaini, anafanya hili na lile lisilo na uzito, na mlango unafunguliwa kutoka nje tu. Mwaka uliofuata, katika gereza hilo hilo, padre Mjesuiti Alfred Delp aliandika tafakari za Majilio mikono ikiwa kwenye pingu. Wote wawili waliuawa mwaka 1945. Kwa hiyo tumaini walilolishika halikuwa dhamana kwamba mambo yao yangeishia vizuri, na mimi nimeacha kulidai hivyo kwa ajili ya kaka, ingawa naomba kila siku apone na nitaendelea kuomba.

Ninachokiona kwa Yohane ni hiki: mashaka yake hakuyafungia moyoni, wala hakwenda kuwauliza watu wa pembeni. Aliyatuma kwa yule yule aliyekuwa anamtilia shaka. Naye Yesu hakumkaripia. Wajumbe walipoondoka akageuka akamsifu mbele ya makutano, kwamba katika waliozaliwa na wanawake hajatokea aliye mkuu kuliko yeye. Sifa hiyo Yohane hakuisikia, na hilo linaniuma kidogo.

Jioni nimempigia kaka. Hatukuzungumza vipimo. Nilimsomea hili swali la Yohane, akacheka, akasema kumbe naye alichoka kusubiri. Tarehe 17 zinaanza zile antifona kuu saba za Masifu ya Jioni, tumekubaliana tuzisali pamoja kwa simu kila jioni mpaka tarehe 23. Yeye kachagua kuongoza ya tarehe 20, inayomwita Kristo Ufunguo wa Daudi na kumwomba aje amtoe mfungwa gerezani. Nikamwambia Yohane hakutolewa. Akasema anajua, ila ombi bado limo kitabuni na yeye ataliomba.